Mama Aliyezirai Mara Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Moyo Katika Ujauzito

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Mama mwenyewe ni wa mfano, na maelezo yake yameundwa kutokana na mambo yanayokutwa katika wodi za wazazi, ili yajadiliwe kwa uwazi bila kumwanika mgonjwa yeyote. Tumchukulie kuwa ana umri wa miaka 27, mkulima wa mboga katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, mwenye watoto wawili na ujauzito wa tatu. Alizirai katika wiki ya 15, katika wiki ya 26, na tena katika wiki ya 27. Mara zote tatu alielezwa jambo lile lile, kwamba presha imeshuka. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli mara ya kwanza, yalikuwa nusu ya ukweli mara ya pili, na mara ya tatu yalitaka kumuua.

Foleni, kitanda na kilima

Mara ya kwanza alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata uji, akateremka kwa miguu, kisha akasimama muda mrefu akisubiri zamu yake. Alihisi kichefuchefu, jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia giza, akawahi kushika ukuta na kuteleza hadi chini kabla ya kupoteza fahamu. Akalazwa, miguu ikainuliwa, na baada ya dakika chache akaomba maji. Mkunga alifanya yaliyompasa: aliuliza kuhusu maumivu ya tumbo na kutokwa na damu, kwa kuwa mwanamke anayezirai katika miezi ya mwanzo ya ujauzito lazima kwanza afikiriwe kuwa huenda mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka, akapima malaria, sukari na wingi wa damu. Malaria haikuwapo, sukari ilikuwa sawa, na wingi wa damu ulikuwa gramu 9.8 kwa desilita, yaani pungufu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuaswa asije kliniki na njaa.

Kuzirai kwa namna hiyo kunaeleweka. Homoni za ujauzito hulegeza mishipa ya damu, shinikizo la damu hushuka hadi kufikia kiwango chake cha chini kabisa katikati ya ujauzito, na mtu anaposimama kwa muda mrefu bila kutembea damu hutuama miguuni. Wanawake wengi wenye moyo mzima kabisa huzirai hivyo. Kasoro ya siku ile, kama ni haki kuiita kasoro, ilikuwa ndogo: mashine ya presha iliandika mapigo ya moyo 112 kwa dakika, mama akiwa ameshapumzika na ameshakunywa chai, na namba hiyo ikahamishiwa kwenye kadi bila mtu kuisoma. Ujauzito huongeza mapigo kwa takriban 10 hadi 20 kwa dakika. Mama aliyetulia akiwa na mapigo 112 anahitaji angalau kuhesabiwa tena kwa kidole na saa.

Mara ya pili alikuwa juu ya kitanda cha uchunguzi, amelala chali, tumbo likipimwa. Akageuka rangi, akaacha kujibu maswali. Mkunga akamgeuza ubavu wa kushoto, na kwa muda usiozidi dakika mbili akarudi katika hali yake. Hili nalo lina maelezo yanayojulikana: kuanzia nusu ya pili ya ujauzito, kizazi kilichokua hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na moyo usiporudishiwa damu hauna cha kupeleka kichwani. Ndiyo sababu wajawazito huambiwa wasilale chali. Hata hivyo, dakika moja kabla ya macho kuingia giza, mama huyu alikuwa amekohoa na kusema kifua kinamjaa. Mshipa uliolaliwa na kizazi hauwezi peke yake kujaza kifua. Mambo mawili yalikuwa yakitokea kwa pamoja juu ya kitanda kile, na lililojulikana zaidi likameza lisilojulikana.

Mara ya tatu alikuwa akipanda kilima kutoka kijitoni akiwa na ndoo ya maji kichwani. Hakupata kichefuchefu wala jasho. Moyo ulimwenda mbio, pumzi ikakatika, akaanguka kama gunia na kuchanika juu ya jicho. Alipofikishwa kituo cha afya kwa bodaboda, shinikizo la damu lilikuwa 88 kwa 56. Kwa kuwa kadi yake ilikwisha kuandikwa mara mbili kwamba presha hushuka, akatundikiwa dripu iende kwa kasi. Zilipoingia mililita 700 hivi, alianza kukohoa mfululizo, akakataa kulala, akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika magoti, na mate yaliyomtoka yakawa na povu la rangi ya waridi.

Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hakuwa amemwona mara zile mbili, alifunga dripu kwanza, akamwinua zaidi, akampa oksijeni, kisha akauliza swali lililogeuza kisa kizima: “Mama, ulikuwa unafanya nini ulipoanguka?”

Swali hilo halihitaji mashine. Anayezirai akiwa amesimama muda mrefu, akiwa na njaa, akiwa kwenye joto, au baada ya kuona damu, na ambaye hupata dalili za kumtahadharisha kabla ya kuanguka, mara nyingi hana ugonjwa wa moyo. Anayezirai akiwa katikati ya kazi ya nguvu, ghafla, au baada ya moyo kwenda mbio au kifua kuuma, huyo ana ugonjwa wa moyo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Vivyo hivyo kwa mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kadi ya kliniki iliandika “alizirai” mara mbili; haikuandika hata mara moja mahali alipokuwa wala alichokuwa akikifanya.

Maneno ya mama mkwe

Aliyetoa historia iliyosalia ni mama mkwe, aliyekuwa amesafiri naye. Nyumbani kulikuwa na maneno kwamba binti huyo amepandwa na kitu, na mama mkwe hakuficha kwamba naye aliyafikiria. Lakini alikuwa shahidi mzuri kuliko kadi. Alieleza kwamba tangu mwezi wa tano wa ujauzito mkwewe hulala ameegemea ukuta kwa mito na mafungu ya nguo, kwamba huamka usiku na kufungua dirisha ingawa Lushoto usiku ni baridi, na kwamba baada ya kumzaa mtoto wa pili, siku ya pili tu, alibanwa na kifua akalazwa wiki nzima kwa kile kilichoitwa nimonia. Mama mwenyewe akaongeza kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama 11 aliugua mafindofindo, kisha goti likavimba, goti lilipopona likavimba kifundo cha mguu, na akakosa shule kwa mwezi mmoja. Waliambiwa ni baridi yabisi, ikapoa, ikasahauliwa.

Kwa mwenye uzoefu, maelezo hayo yalitosha kutaja ugonjwa, yaani moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, kabla ya kipimo chochote. Vidudu vya koo vinavyoitwa streptokoka vya kundi A, visipotibiwa kwa dawa sahihi, huweza kuufanya mwili wa mtoto ujishambulie wenyewe. Viungo huvimba na kupona, lakini valvu za moyo, yaani milango ya kupitishia damu kwenda upande mmoja, hubaki na makovu, na makovu hayo huendelea kukaza kwa miaka mingi kimyakimya. Msichana hukua, huolewa, na mara nyingi ni ujauzito unaofichua kilichokuwa kimejificha. Nimonia ile ya baada ya uzazi wa pili, kwa uwezekano mkubwa, ilikuwa mapafu yaliyojaa maji kutokana na moyo. Mama huyu alikuwa ameshapewa onyo, nalo likapewa jina la ugonjwa mwingine.

Inafaa kusema hapa kwamba katika ugonjwa wa valvu iliyomsumbua mama huyu, inayoitwa mitrali, kuzirai si dalili kuu. Dalili kuu ni kukosa pumzi. Kuzirai ndiko kulikowashtua watu kwa sababu kunaonekana na kila mtu, ilhali kuhema usiku huonwa na anayelala chumba kile kile tu. Na mjamzito anapolalamika kwamba anakosa pumzi, huambiwa mtoto anabana, jambo ambalo kwa wengi ni kweli. Kinachotofautisha ni kwamba pumzi fupi ya kawaida ya ujauzito haimwamshi mtu usiku akitafuta dirisha, haimletei kikohozi anapolala, wala haizidi wiki hadi wiki kiasi cha kumzuia kufanya kazi aliyoifanya mwezi uliopita.

Mlango mwembamba na saa inayokimbia

Alipofika hospitali kubwa, daktari alimlaza ubavu wa kushoto na kusikiliza ncha ya moyo kwa upande wa kengele wa stetoskopu, akasikia mngurumo mzito wa chini katikati ya mapigo, ambao ni rahisi kuukosa moyo unapokimbia. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo ya mpangilio wa kawaida ila ya kasi. Kipimo cha eko, ambacho hutumia mawimbi ya sauti na hakina madhara kwa mtoto tumboni, kilionyesha kwamba valvu ya mitrali, yaani mlango kati ya chumba cha juu na chumba cha chini vya upande wa kushoto, ilikuwa imebaki na uwazi wa sentimita za mraba 0.9. Mlango huo kwa mtu mzima mwenye afya una sentimita za mraba 4 hadi 6, na ukifikia 1.5 au chini yake huhesabiwa kuwa umeziba kwa kiwango kikubwa. Misuli ya moyo ilikuwa na nguvu kamili. Hakukuwa na damu iliyoganda ndani ya chumba cha juu.

Hapo ndipo vipande vya kisa vinapoungana. Katika ujauzito kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, na kazi ya moyo huongezeka kwa takriban asilimia 30 hadi 50, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikiwa imeshafika kabla ya miezi mitatu ya mwisho. Damu yote hiyo inatakiwa kupita kwenye mlango usioweza kupanuka. Tena hupita wakati wa mapumziko tu, kati ya pigo na pigo, chumba cha chini kinapojazwa. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 1. Ukipiga mara 120, kila pigo lina nusu sekunde, na sehemu inayopunguzwa zaidi ni ile ya mapumziko. Kwa hiyo kwa mama huyu kila kilichoharakisha moyo, iwe ndoo, homa, hofu, au upungufu wa damu ule wa gramu 9.8, kilifupisha muda wa mlango kupitisha damu. Damu iliyoshindwa kupita ilirudi nyuma kwenye mapafu, akakosa pumzi. Iliyopita ikawa kidogo mno kwa miguu na kichwa kwa pamoja, akaanguka.

Dripu ilifanya nini basi? Iliongeza watu kwenye foleni ya mlango ule ule mwembamba. Shinikizo lililoshuka halikutokana na upungufu wa maji mwilini, bali na damu iliyokuwapo kushindwa kusonga mbele. Huu si ushauri wa kuogopa dripu: mjamzito anayetokwa na damu au anayeharisha huihitaji haraka, na kucheleweshewa kunaua pia. Lakini kabla ya kufungua kasi yake kwa mjamzito aliyezirai, kuna mambo ya kuangalia kwa nusu dakika: anaweza kulala bila kukohoa? anapumua mara ngapi kwa dakika? chini ya mapafu kuna sauti za kuchemka? Mama huyu alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika kabla dripu haijaanza.

Kutibiwa bila kuvunja ujauzito

Swali la kwanza la mume, alipofika, lilikuwa kama mimba itabidi itolewe. Halikuwa swali la kipuuzi. Yako magonjwa ya moyo, hasa shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu lisilorekebishika, au moyo uliodhoofu sana, ambayo madaktari humshauri mwanamke waziwazi asibebe mimba kabisa. Lakini mlango ulioziba kwa makovu, misuli ikiwa bado imara, ni tatizo linaloweza kupunguzwa hata mtoto akiwa tumboni.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuupunguzia moyo mwendo. Alipewa metoprololi, dawa ya kushusha mapigo, na furosemaidi kwa kipimo cha tahadhari ili kutoa maji kwenye mapafu bila kumnyima mtoto damu. Alipumzishwa, akapewa sindano za heparini kuzuia damu kuganda kwa sababu alikuwa akilala muda mrefu, na upungufu wa damu ukashughulikiwa. Dawa kadhaa zinazotumika kwa wagonjwa wengine wa moyo ziliepukwa kwa makusudi: zile za jamii ya enalaprili na losatani, ambazo huharibu figo za mtoto, na atenololi, ambayo huhusishwa na watoto wenye uzito mdogo.

Baada ya siku 10 mapigo yalishuka hadi 84, lakini bado hakuweza kulala bila mito mitatu, na kwenda chooni kulimchosha. Kungoja kusingesaidia, maana mzigo wa damu ulikuwa bado unapanda kuelekea kilele chake cha wiki za 30 na kitu. Akapelekwa Dar es Salaam. Kwa wakazi wa ukanda huo safari hiyo ni kuteremka hadi Mombo, kushika barabara kuu hadi Segera na Chalinze, kisha kuingia jijini, ambako ndiko iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kwa mgonjwa anayehema, safari ya namna hiyo hufanywa akiwa ameketi, na oksijeni pembeni.

Tiba aliyopata haikuhitaji kufungua kifua. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ukavuka ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, na puto dogo lililo kwenye ncha yake hujazwa katikati ya valvu hadi makovu yaliyoshikana yaachane. Njia hii ilibuniwa na Kanji Inoue, daktari wa upasuaji wa Japani, na taarifa yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1984. Kwa mjamzito hufanywa pale dawa zinaposhindwa, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, ambapo viungo vya mtoto vimeshaumbika. Tumbo hukingwa dhidi ya mionzi ya eksirei inayotumika kuuongoza mrija, na muda wa mionzi hufupishwa kadiri inavyowezekana. Uwazi wa valvu ulipanda kutoka 0.9 hadi 1.7. Namba hiyo haifikii uzima, lakini kwa mlango wa moyo ni karibu mara mbili. Usiku ule alilala na mto mmoja.

Nyumbani, na siku tatu za hatari

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuishi na moyo ulioponea chupuchupu, na hapa kazi ilikuwa ya familia kuliko ya hospitali. Mama mkwe aliondoa ndoo na kuni katika zamu zake. Chumvi ilipunguzwa, samaki wakavu waliotiwa chumvi wakaachwa. Alifundishwa kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima kila asubuhi kabla ya kuinuka, kuinuka kwa hatua, yaani kukaa kwanza kitandani na kuchezesha miguu ndipo asimame, kulala ubavu, na kuketi au kujilaza mara moja popote anapoona giza, hata kama ni sokoni na watu wanatazama. Alielezwa yapi ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo: kukohoa anapolala, mapigo kuzidi 100 akiwa ametulia, kuzirai tena, miguu kuvimba ghafla. Jambo gumu kuliko yote, kwa maneno yake, lilikuwa kuketi huku wifi yake akichota maji kwa niaba yake. Aliona aibu, na aibu hiyo mara mbili ilimfanya abebe ndoo kwa siri.

Alipangiwa kujifungua hospitalini katika wiki ya 38, kwa njia ya kawaida, kwa kuwa upasuaji si lazima kwa sababu ya moyo peke yake. Alipunguziwa maumivu ili mapigo yasipande, akakaa nusu ameketi na kuegemea kushoto, na hatua ya kusukuma ikafupishwa kwa kumsaidia mtoto kwa kifaa cha kuvuta. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, ilitolewa polepole kwa dripu ndogo, na egometrini, dawa nyingine ya kazi hiyo, haikutumika kabisa kwa kuwa hukaza mishipa na kupandisha shinikizo ghafla.

Familia ilidhani hatari imekwisha mtoto alipolia. Kwa ugonjwa huu, saa za baada ya kuzaa ni mbaya kuliko za kabla: kizazi kinapokaza husukuma mamia ya mililita za damu kurudi kwenye mzunguko, na mshipa uliokuwa umelaliwa hufunguka, hivyo moyo hupokea mzigo mkubwa kwa ghafla. Kwa uwezekano mkubwa ndicho kilichotokea siku ya pili baada ya uzazi wa pili. Safari hii alilindwa wodini kwa saa 72, furosemaidi ikiwa tayari, na mkunga alikatazwa kumruhusu mapema hata kitanda kikihitajika.

Kabla ya kuondoka aliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, baada ya mazungumzo ambayo mume alishirikishwa. Vidonge vyenye estrojeni havikufaa kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda. Alianza pia sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, ili koo lingine lisiongeze makovu juu ya yaliyopo. Mume aliuliza sindano hizo zitaendelea hadi lini. Aliposikia ni kwa miaka, alinyamaza, kisha akauliza kama zahanati ya kijijini kwao inazo, na mkunga akaandika jibu kwenye kadi kwa wino mwekundu, chini ya maneno yale mawili ya zamani, “presha imeshuka”, ambayo hakuna aliyeyafuta.